Kosaini ya Tofauti Nyuma ya Bohari la Ngozi

Mjomba wangu alikuwa akifuta ubao kwa mate. Kitambaa kilikuwapo, kimetundikwa kwenye msumari, lakini yeye alilamba kiganja chake, akasugua hesabu, kisha akajifuta ubavuni mwa kanzu. Kwa kuwa alitafuna tambuu tangu asubuhi hadi jua kutua, ubao wetu ulikuwa na michirizi myekundu kila pembe, na chaki ilipopita juu ya michirizi ile haikushika. Kurasa za majedwali ya hesabu nazo alizifunua kwa kidole alichokitia mdomoni. Ukiazima kitabu chake kutafuta kosaini ya digrii arubaini, uliikuta chini ya alama nyekundu ya kidole.

Haya yalikuwa Changamwe, miaka miwili kabla ya uhuru. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimezaliwa Kisauni, na kazi yangu ilikuwa kunakili michoro katika ofisi ya kampuni iliyojenga matangi ya mafuta. Kutwa nzima nilichora duara za matangi kwa bikari na wino. Bwana mkubwa wa ofisi alikuwa ameniambia kwamba nikipata cheti cha sekondari atanipandisha niwe mchoraji kamili. Shule nilikuwa nimeiacha njiani baba alipofariki. Basi mjomba, ndugu wa mamangu tumbo moja, alipofungua darasa la watu wazima, mama alinipeleka kwake, na mjomba akakataa kupokea ada yangu.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha bohari la ngozi. Ng'ombe na mbuzi waliochinjwa huko bara, ngozi zao zililetwa pale mbichi, zikatiwa chumvi, zikarundikwa hadi darini. Maji yake, meusi na mazito, yalipita katika mfereji chini ya dirisha letu. Inzi walikuwa wakubwa kiasi cha kusikika wakitua juu ya karatasi. Tulikuwa watu tisa, wote tumetoka kazini saa kumi alasiri: makarani, fundi umeme mmoja mnene mwenye moyo mweupe, wapimaji mizigo wa bandarini, na mwanamke mmoja.

Mwanamke huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Frere Town. Kwao ni Rabai, Mkristo, mkubwa wangu kwa miaka minne au mitano. Alipanda mabasi mawili kuja kwetu, moja kuvuka daraja la Nyali hadi kisiwani, la pili kutoka kisiwani hadi Changamwe. Alikaa karibu na mlango, leso yenye mafuta ya karafuu mkononi, na kila harufu ilipozidi aliiweka puani bila kuacha kuandika. Sisi wengine tulijifanya hatusikii harufu. Tuliona ni ustaarabu.

Mjomba alitusomesha kwa Kiswahili hesabu ambazo kitabuni zilikuwa kwa Kiingereza. Kwa sauti tu, alikuwa mwalimu. Alizungumza taratibu, kwa Kimvita safi, kila neno limekaa mahali pake kama sahani kabatini. Siku ile alifika kwenye kosaini ya tofauti ya pembe mbili.

"Mabano ni mlango," alisema. "Ukiufungua, kila aliyemo ndani atoka na nguo yake. Kosaini ya A toa B, ukifungua mabano, wapata kosaini A toa kosaini B. Andikani."

Tukaandika. Yule mwanamke hakuandika. Aliinua mkono.

"Samahani Mwalimu. Nikichukua pembe zote mbili ziwe digrii sitini?"

"Ehe."

"Sitini toa sitini ni sufuri. Na kosaini ya sufuri ni moja, imo kwenye jedwali. Lakini kwa kanuni hii ya ubaoni, kosaini ya sitini ni nusu. Nusu toa nusu ni sufuri. Jibu litakuwaje moja na sufuri kwa mara moja?"

Mjomba alikwenda dirishani, akatema mate mekundu kwenye mfereji, akarudi akijifuta midevu.

"Pembe zikiwa sawa hapana tofauti," alisema. "Na kanuni hii ni ya tofauti. Umefahamu?"

"Basi tuchukue sitini na thelathini, Mwalimu."

"Kaa kitako!" Sauti yake ilibadilika, ikawa ya sokoni. "Nyie watu wa nyika, juzi mlikuwa mwahesabu mbuzi kwa vijiti, leo waja kunifunza mimi mabano? Wewe," akanigeukia mimi, "simama umwambie mwenzio."

Nilisimama. Majedwali yalikuwa mkononi mwangu, na wakati wao wakibishana mimi nilikuwa nimekwisha kutazama. Sitini toa thelathini ni thelathini, na kosaini yake ni sufuri nukta nane sita sita. Kanuni ya mjomba ilitoa nusu toa hiyo hiyo nane sita sita, jibu likawa hasi. Mtoto wa skuli angeona. Nilikwenda ubaoni, nikaiandika kanuni ya mjomba upya kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisini, nikasema, "Mwalimu yuko sawa."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kupoza mambo. Mjomba akanipiga bega kwa kile kiganja. Unyevu wake ulipenya shati mpaka kwenye ngozi yangu, na niliusikia pale begani mpaka nilipofika nyumbani.

Jioni ile yule mwanamke alinikuta kituo cha basi. Nilitaka kupita. Akasema, "Kaka, ngoja."

"Dada, basi langu..."

"Uliona. Nilikuwa nakutazama ulipokuwa unafungua majedwali. Ulipofika kwenye thelathini uso wako ulibadilika."

Hakunigombeza. Aliokota kijiti, akachuchumaa pembeni mwa barabara, malori yakipita na kutujaza vumbi, akachora duara mchangani. Akasema nusu kipenyo chake tukipe urefu wa moja, moja tu, ili hesabu zisituchoshe. Akachora mstari wa kulala, kisha mistari miwili kutoka katikati hadi ukingoni, mmoja umeinuka kwa pembe A, mwingine kwa pembe B.

"Ncha ya huu wa kwanza," alisema, "ukitoka katikati unatembea kulia kosaini A, halafu unapanda juu saini A. Ya pili hivyo hivyo, kosaini B na saini B. Sasa niambie, kutoka ncha hii hadi ile ni umbali gani?"

Hilo nililijua. Nilikuwa nikilifanya kila siku kwenye michoro. "Tofauti ya kulia, mraba wake. Tofauti ya kupanda, mraba wake. Ujumlishe."

"Haya, fungua."

Tulifungua pale mchangani. Mraba wa kosaini A na mraba wa saini A ukivijumlisha ni moja. Vya B navyo ni moja. Ikawa mbili, toa mbili mara kitu kirefu: kosaini A mara kosaini B, jumlisha saini A mara saini B.

"Sasa pita njia nyingine," alisema. "Hii ni pembetatu yenye pande mbili za urefu wa moja, na pembe iliyo kati yake ni A toa B. Kwa kanuni ya pembetatu, mraba wa umbali huo huo ni mbili toa mbili mara kosaini ya A toa B. Umbali ni mmoja. Umeona?"

Niliona. Mbili zilikatana na mbili, na kile kitu kirefu kikabaki peke yake upande mmoja, na upande wa pili kosaini ya tofauti. Nimechora maelfu ya duara maishani na hakuna iliyonipa furaha kama ile ya vumbini. Nilicheka kwa sauti. Naye alicheka, akapangusa mikono.

"Nimeitoa kwenye kitabu cha misheni," alisema. "Nilirudia mara tatu mpaka ikakaa. Mtihani uko karibu, na wale wote wameandika uongo madaftarini mwao. Mimi nikisema ni mwanamke mjuaji. Wewe ni mpwawe. Mwambie mkiwa wawili, umpe heshima yake."

"Ntamwambia," nilisema.

Sikumwambia. Kila siku nilikuwa na sababu yake: leo ana mafua, leo ana wageni, leo amenuna.

Fomu za mtihani zilipotoka, mjomba alitangaza kwamba yeye ndiye atakayezikusanya na kuzipeleka. Kuzikusanya alinipa mimi. Nilipeleka zote tisa nyumbani kwake siku ya Jumapili, nikamkuta barazani na sinia yake ya tambuu, popoo zimekatwa, chokaa kwenye kikopo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Weka hapo."

Alizipitia moja moja. Alipofika kwenye ya yule mwanamke alilisoma jina mpaka mwisho, akaikunja katikati, akaichana vipande vinne. Kipande kimoja alikilaza gotini, akaweka jani, akapaka chokaa, akatia popoo, akaifunga kama kifurushi cha mchuuzi, akanipa.

"Chukua, upeleke kwa mamako. Apenda."

"Mjomba, hiyo ni fomu ya mtu."

"Ya nani?"

Nilitaja.

"Alaa! Mimi nilidhani ni karatasi," akasema, akacheka, na meno yake yalikuwa kama ya mtu aliyepigwa ngumi. "Mwanangu, mimi sikuzaliwa nikatiwe maneno na mwanamke wa nyika mbele ya watu wangu. Huyo mtihani ataufanyia kwao."

Nilitembea na kifurushi kile mkononi. Karatasi ilikuwa imelowa, na mwandiko wake, mwandiko wa mwalimu wa watoto, herufi za duara zilizosimama wima, ulikuwa ukichuruzika wino kwenye vidole vyangu. Nilifika nyumbani nikamweleza mama yote. Mama alisikiliza akipepeta mchele.

"Ni makosa," alisema mwishowe. "Wallahi ni makosa. Lakini wewe wataka uende wapi nayo? Kwa Mzungu, umshitaki ndugu yangu? Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mwanamke yule atapata mwaka kesho, inshallah."

Kisha akanyoosha mkono, akachukua ule mchanganyiko wa tambuu, akautoa kwenye karatasi, akautia kinywani. Nilimpenda mamangu sana. Siku ile sikuweza kula naye chakula cha mchana.

Zilikuwa zimebaki siku tano kabla ya kufungwa kwa fomu. Ningeweza kwenda Frere Town nikamwambia, aende mwenyewe idara ya elimu, achukue fomu nyingine, mambo yaishe. Nauli nilikuwa nayo. Siku zote tano nilikwenda kazini na kurudi.

Kadi za namba za mtihani zilipokuja, zilikuwa nane. Mjomba aliwaita watu kwa majina na kila mtu akaenda kupokea. Yule mwanamke alingoja mpaka mikono ya mjomba ikawa mitupu.

"Yangu, Mwalimu?"

"Idara imekukataa," mjomba alisema bila kumtazama. "Labda hukujaza sawasawa. Muulize huyu, yeye ndiye aliyezikusanya."

Akanigeukia. Leso ilikuwa mkononi, haikuwa puani.

"Kaka, uliipeleka?"

Watu wote wananitazama. Mjomba anatafuna. Nikasema, "Niliipeleka."

Akanitazama muda, kama mtu anayesoma hesabu aliyokwisha kujua jibu lake. Halafu akakusanya vitabu vyake, akatuaga wote kwa adabu, "Kwaherini," akatoka. Mimi nilitoka baadaye kidogo, nikazunguka nyuma ya bohari, nikatapika kwenye mfereji mpaka nikatoa nyongo. Mlinzi wa bohari alinishika mgongo. "Pole, bwana," akasema. "Harufu hii wengi haiwakubali." Nilimwacha aamini hivyo.

Kwenye karatasi ya hesabu swali la tatu lilisema: bila kutumia majedwali, tafuta kosaini ya digrii kumi na tano. Nikaziandika arubaini na tano toa thelathini. Nikaandika kosaini mara kosaini, jumlisha saini mara saini. Nikapata kipeuo cha pili cha sita na kipeuo cha pili cha mbili, vimejumlishwa, vimegawanywa kwa nne. Ilinichukua dakika tatu. Nyuma yangu nilimsikia yule fundi umeme mnene akihema, akifuta, akiandika tena.

Nje aliniuliza, "Wewe umepata ngapi? Mimi nimepata hasi. Kipeuo cha pili cha mbili toa kipeuo cha pili cha tatu, gawanya kwa mbili. Ni sawa, eh? Nimefungua mabano kama Mwalimu."

"Nadhani ni sawa," nilimwambia. Na hilo nalo nilisema.

Majibu yalipotoka, kati ya wanane tulifaulu wawili. Siwezi kusema ni swali moja lililowaangusha wengine. Daftari zao zilikuwa zimejaa milango ya mjomba iliyofunguliwa ovyo. Fundi umeme alikuja mwenyewe kunipongeza, machozi yakimlengalenga, akasema akili zangu ni za ukoo. Mjomba alinunua halua, akaita majirani, akanikalisha kati. "Huyu nimemsomesha mimi," alisema kwa kila aliyeingia. "Bila ada. Kwa mikono yangu hii." Akaionyesha mikono.

Wageni walipopungua nilimsogelea. Nilidhani nakwenda kumvunja.

"Mjomba, swali la kosaini sikulifanya kwa kanuni yako. Nilitumia ya yule mwanamke. Yako ni makosa."

Alikuwa akilamba halua kidoleni. Hakushtuka hata kidogo.

"Najua," alisema.

"Wajua?"

"Siku ile ile nilikwenda kutazama kitabuni. Kwani mimi mjinga?"

"Na wale wengine? Ulikuwa na wiki tisa, mjomba. Wiki tisa za kuwaambia."

"Mwalimu akigeuza neno lake mara moja," alisema kwa ile sauti yake nzuri, taratibu, kila neno mahali pake, "watamgeuza yeye kila siku. Wewe ulijua, ukanyamaza. Ukafaulu. Sasa wataka nini kwangu?"

Akanisogezea sahani ya halua. Niliangalia ile alama ya kidole chake kwenye mafuta ya halua, na nikajua kwamba alichonambia ni kweli tupu, na kwamba hakuna mtu pale chumbani aliyefanana naye kama mimi. Tangu siku hiyo nilimsalimia kwa sababu ya mama tu. Alipokufa, miaka mingi baadaye, watu wa Kisauni walijaa barabarani, wanafunzi wake wa zamani wakabeba jeneza kwa zamu, na kila mmoja alimwita Mwalimu. Mimi nilibeba zamu yangu. Nilitafuta huzuni nikakosa.

Nilipandishwa cheo. Uhuru ulipokaribia, Wazungu wa ofisini wakaanza kufunga masanduku, na meza ya mchoraji mkuu ikawa yangu. Mwezi ule bendera ilipobadilishwa, nilijipa moyo nikaenda Frere Town. Nilijua shule yake. Nilikuta watu wanapaka chokaa mpya ukutani, na yeye yuko uwanjani akiwapanga wasichana kwa mazoezi ya gwaride. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinitambua, lakini ilimchukua muda, nami nikauona muda ule.

"Karibu, kaka. Kuna mtoto wako hapa?"

"La. Nimekuja kwako."

Akawaambia wasichana wapumzike. Tukasimama kivulini mwa ukuta. Nilimweleza fomu ilivyochanwa, jani, chokaa, karatasi, siku tano, na lile neno "Niliipeleka." Nilieleza vibaya, nikirudia rudia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunisaidia.

"Nilijua," alisema. "Nilikwenda idarani kesho yake. Karani akafungua faili mbele yangu, fomu zilikuwa nane tu. Mwaka uliofuata nilijiandikisha mwenyewe, nikafaulu. Sasa nafundisha hesabu hapa, na mwezi wa kwanza naenda chuoni."

"Hongera, dada."

"Asante."

"Nimekuja kukuomba radhi."

Akafikiri. Nilitegemea anitukane, na kusema kweli nilitaka anitukane.

"Yule mjomba wako nilimchukia mwaka mzima," alisema. "Hata harufu ya tambuu nilikuwa nikiisikia njiani nageuza njia. Lakini wewe, kaka, nisikudanganye. Wewe nilikuwa nimekusahau. Ungekuja na mtu mwingine, ningewachanganya."

Msichana mmoja alikimbia kumwita, akaitika, akaniomba radhi yeye kwa kuwa gwaride lilikuwa kesho na mstari wa nyuma bado haujui kugeuka. Akanipa mkono. Nilibaki pale ukutani kidogo, chokaa mbichi ikinishika mgongoni mwa koti, nikimsikia akihesabu hatua kwa sauti kubwa, kushoto, kulia, na hakugeuka tena kutazama kama nimekwenda.